Barua ya wazi kutoka Ngamiani: kikohozi kinachorudi palepale

Kwa Waheshimiwa mlioshika dhamana ya afya za watoto wetu: wizarani Dodoma, ofisi ya mkoa hapa Tanga, na halmashauri zake zote.

YAH: MTOTO ANAYEUGUA KIFUA MAHALI PALEPALE ATAZAMWE NDANI

Assalaam alaykum, na kwa wasiokuwa na salamu hiyo, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini na zahanati miaka 31 katika mkoa huu, na baadhi yenu mnaosoma barua hii niliwashika mkono mkiwa wanafunzi wa vitendo, sindano ikiwatetemeka vidoleni. Kwa hiyo mtanisamehe nikiwaita Waheshimiwa mstari huu na wanangu mstari ule. Vituo alivyopita mjukuu wangu sitavitaja, na hata mkiniita ofisini mkaniuliza sitavitaja. Waliomhudumia ni watu wa kazi yangu, na aliyetangulia kukosea ni mimi.

Nilikosea hivi. Mjukuu wangu (mimi namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu, ndio utani wetu) alianza kukohoa akiwa na miaka 12, mwezi wa Ramadhani, usiku baada ya tarawehe. Nilipomsogelea nikasikia filimbi kifuani. Marehemu babu yake alikuwa na pumu. Sikupoteza hata dakika kufikiri: pumu hiyo, karithi kwa babu yake. Asubuhi nikampeleka kituoni nikiwa na jibu mdomoni, na tabibu kijana aliyekuwa zamu, kwa kuniheshimu, akaandika nilichomwambia. Mtoto akapewa dawa ya kuvuta. Alivuta siku tatu, ya nne akaniambia, "Mke wangu, hii dawa haifiki."

Miaka yote ile niliwafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa asikilizwe. Mgonjwa wa nyumbani kwangu alinitajia ugonjwa wake kwa neno moja, nami nikamjibu kwamba havuti vizuri, avute tena, abane pumzi ahesabu mpaka kumi.

Baada ya Idi ikaja homa. Picha ikaonyesha nimonia, pafu la kulia, sehemu ya chini. Dawa, siku saba, akapona. Miezi mitatu baadaye alikuwa kwa mama yake Muheza, homa ikarudi. Kituo kingine, picha nyingine, nimonia, dawa, akapona. Akaugua tena mjini, kituo cha tatu, na safari hii akafunguliwa daftari jipya kwa sababu la mwanzo lilikuwa limesahauliwa Muheza. Mnalijua daftari ninalolisema: lile la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, ndilo faili la mgonjwa kwetu sisi. Mjukuu wangu alikuwa nayo matatu katika nyumba mbili.

Halafu Ijumaa moja akarudi msikitini na doa kwenye kola ya kanzu. Akasema ni juisi ya rozela. Nimefua mashuka ya wagonjwa tangu ujana wangu. Rozela naijua na damu iliyochanganyika na makohozi naijua.

Mtoto wa miaka 13, anakohoa kwa miezi, amekonda, na sasa damu. Katika Tanzania hii nani asingesema kifua kikuu? Nchi yetu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Makohozi yakapimwa, hayakuonyesha kitu, lakini kwa watoto mara nyingi hayaonyeshi hata ugonjwa ukiwepo, basi akaanzishiwa dozi kwa dalili. Uamuzi huo sina ugomvi nao, ningekuwa zamu ningeufanya mimi. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeandika mstari wa pili: asipopata nafuu ifikapo tarehe fulani, tutafute kingine. Akameza vidonge miezi sita, mkojo ukageuka rangi ya chungwa akawa anawachekesha wenzake nao, na filimbi haikuhama.

Mtaani ushauri haukukosekana. Mmoja alileta asali na habasoda, mwingine alituandikia kombe, na wazee wawili wakaja magharibi kwa sauti ya chini kuniambia kijana akatwe kimeo, fundi mzuri yupo. Asali tuliilamba, kombe tulilinywa. Kimeo nilikataa, maana nimewapokea wodini watoto waliokatwa wakaletwa wanavuja damu, shuka imelowa. Lakini niwaambie kweli, wakubwa zangu. Mzazi ambaye hakuwahi kuvaa sare kama yangu, akizungushwa mwaka mzima na kikohozi kisichopona, atakwenda kwa fundi, na mimi sitakuwa na mdomo wa kumlaumu.

Akili ilinijia siku ya kuanika magodoro. Picha za eksirei huwa tunaziweka chini ya godoro zisijikunje, na nilipoliinua nikazikuta bahasha zote, pamoja na ile iliyokuwa imerudishwa kutoka Muheza. Nikazitoa, nikazibana kwa vibanio vya nguo kwenye nondo za dirisha la mashariki, jua la saa tatu likapita ndani yake. Picha nne. Vituo vitatu. Mwaka na zaidi kati ya ya kwanza na ya mwisho. Na weupe uko kulia, chini, palepale, kama mtu aliyehama mitaa yote lakini kila ukimtafuta unamkuta kwenye kiti kilekile.

Nimonia ya kawaida haina makazi. Leo itakaa huku, mwakani ikirudi itakaa kule, au haitarudi kabisa. Hii ilikuwa na anwani. Na hakuna mtu aliyewahi kuzitazama picha zote nne pamoja. Kila mmoja aliiona yake, akasema nimonia, na alisema kweli.

Nikamwita mume wangu, nikamvua shati, nikamwekea sikio mgongoni bila chombo chochote. Kushoto pumzi inaingia na kutoka kimya. Kulia juu, kimya. Kulia chini, filimbi moja, sauti moja, haipandi haishuki, kama pampu ya baiskeli iliyochakaa mpira wake. Tanga nani asiyeijua sauti ya pampu mbovu ya baiskeli? Pumu haipigi hivyo. Pumu ni kikundi kizima cha kaswida, nyembamba na nene kwa pamoja, pande zote mbili. Filimbi moja ya upande mmoja maana yake mlangoni kumekaa kitu.

Sitawachosha na habari za rufaa. Sisi husema Tanga waja leo, waondoka leo. Kwa mgonjwa wa rufaa ni waenda leo, walala kwa mjomba, waambiwa njoo mwezi ujao. Upande wa Dar es Salaam au upande wa Moshi, kote ni zaidi ya kilomita 300. Tulikwenda mara tano. Ikapigwa sitiskani, yaani eksirei ya mashine kubwa inayoonyesha kifua kipande kwa kipande, kisha bronkoskopi, yaani mrija wenye taa na kamera unaopitishwa mdomoni mpaka ndani ya njia ya hewa mtoto akiwa amelazwa usingizi. Daktari alinionyesha kwenye skrini kwa kuwa alijua mimi ni wa kazi hiyo. Kidubwana cha mviringo, chekundu, laini, kinang'aa, kimeziba tawi la bomba la hewa kama gololi iliyokwama kwenye mpira wa maji. Wakakata kinyama kwa hadhari kubwa, maana vivimbe vya aina hiyo vimejaa mishipa na hutoka damu kwa urahisi. Majibu ya kinyama tuliyangoja wiki nyingi. Yalipotoka yalisema karsinoidi.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata, nimewauliza madaktari mpaka wakanikimbia, na nimegundua kwamba wengi wetu tulihitimu bila kulisikia neno hilo. Karsinoidi ya njia ya hewa ni uvimbe unaoota kutokana na chembe fulani za ukuta wa mabomba ya pafu. Haitokani na sigara. Kati ya saratani zinazoanzia kwenye mabomba hayo kwa watoto na vijana, ndiyo inayoonekana zaidi, na bado ni nadra. Nyingine huota kwenye vitezi vidogo vya kamasi vilivyomo ukutani mwa bomba. Zote zina tabia moja: hukua polepole, zikiziba. Nyuma ya kizuizi makohozi yanatuama kama maji ya mtaro ulioziba, vijidudu vinazaliana, homa inapanda. Ukitoa dawa ya vijidudu, vijidudu vinakufa na homa inashuka. Hapo ndipo tunapodanganyika. Dawa inafanya kazi kwelikweli, mtoto anacheza mpira, mama anashukuru, daftari linafungwa, na gololi iko palepale inaongezeka kidogokidogo.

Mjukuu wangu alipasuliwa akiwa na miaka 14. Hakupewa dawa za saratani wala mionzi. Kwa aina yake, uvimbe ukitolewa wote kwa kawaida inatosha, ila mtoto afuatiliwe kwa miaka, maana unaweza kurudi baada ya muda mrefu. Namshukuru Mwenyezi Mungu na mikono ya waliompasua. Lakini nilimuuliza daktari wa upasuaji swali moja, na jibu lake ndilo lililoniketisha kuandika barua hii. Uvimbe wa namna hii ukiwahiwa, alisema, mara nyingine inawezekana kukata kipande cha bomba chenye uvimbe tu na kuziunga ncha mbili, pafu likabaki zima. Kwa mjukuu wangu haikuwezekana. Sehemu ya chini ya pafu, kwa kuvimba na kupoa na kuvimba tena, ilikuwa imeharibika. Ikabidi iondoke nayo.

Kutoka filimbi ya kwanza mpaka kamera kuingia ni miezi 19. Kipande hicho cha pafu ndicho tulichoilipia.

Sasa ombi langu, nalo ni moja. Toeni agizo la maandishi, la mistari michache, libandikwe kila chumba cha tabibu kuanzia zahanati: mtoto au kijana ambaye picha imeonyesha nimonia mara ya pili mahali palepale, au mwenye filimbi ya upande mmoja, au mwenye "pumu" isiyoitikia dawa ya kuvuta, au anayekohoa damu na makohozi hayakuthibitisha kifua kikuu, asianzishiwe mzunguko mwingine wa dawa kabla hajaandikiwa tarehe ya kutazamwa ndani, kwa sitiskani na kwa kamera. Mpeni tabibu idadi ya siku. Nimekaa serikalini, nalijua agizo lisilokuwa na idadi ya siku linavyoishia.

Najua jibu lililo mezani kwenu. Bibi, ugonjwa wenyewe ni nadra, sisi tuna malaria, tuna upungufu wa damu, tuna watoto wachanga. Ni kweli, na hesabu nimeipiga mwenyewe. Kwa madaktari wa Ulaya wanaoshughulikia saratani nadra za watoto, ugonjwa unaitwa nadra ukiwapata watoto wasiofika 2 katika kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika mkoa wa Tanga, na karibu nusu ya Watanzania ni watoto. Kwa kipimo hicho, uvimbe mmoja wa aina hiyo mkoa mzima unaweza kumpata mtoto mmoja au wawili kwa mwaka, na mwaka mwingine asipatikane yeyote. Haya, nimekubali.

Lakini agizo ninaloliomba halimwokoi mtoto huyo peke yake, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Nenda wodi yoyote ya watoto pwani hii uliza mtoto aliyepaliwa na karanga. Uliza mbegu za ubuyu, hizi nyekundu zenye sukari wanazomung'unya huku wanakimbia. Mbegu ikiteleza ikaingia kwenye bomba la hewa bila mtu mzima kuona, mtoto atakohoa, atapiga filimbi upande mmoja, atapata nimonia palepale, na tutamwita mwenye pumu. Dalili ni zilezile za mjukuu wangu. Kamera ni ileile. Mwaka 1897, reli ya Wajerumani ilipokuwa bado haijafika hata Korogwe, huko kwao Freiburg daktari wao Gustav Killian alipitisha mrija kwenye bomba la hewa la mkulima mmoja akatoa kipande cha mfupa (wa nguruwe, mambo yao hayo). Kazi hiyo basi ina zaidi ya miaka 120, na ilianza kwa mfupa wa chakula, si kwa saratani. Kwa hiyo msiniambie mnanunua kifaa cha mamilioni kwa ajili ya mtoto mmoja wa Ngamiani. Kitakula karanga na ubuyu mwaka mzima, na siku moja kati ya hizo kitakutana na uvimbe.

Ila kifaa bila mtu wa kulaza usingizi watoto ni pambo la kabati. Nimeona makabati ya namna hiyo. Kumlaza mtoto ambaye njia yake ya hewa tayari imebanwa ni kazi ya mtu aliyesomea na anayeifanya kila wiki, kwa hiyo kama fedha hazitoshi vyote viwili, msomesheni mtu kwanza, kifaa kifuate. Sitiskani nazo serikali imezifunga katika hospitali za rufaa za mikoa, na nawapongeza kwa dhati. Mashine ipo. Kinachokosekana ni sentensi ya kumpeleka mtoto kwenye mashine. Morogoro tuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi wakatambua kifua kikuu, dunia nzima inatujia kuwapiga picha; taifa linaloweza kumfundisha panya haliwezi kushindwa na karatasi moja ya ukutani.

Na karatasi za ukutani tunazo, tatizo ni umri. Ile chati ya magonjwa ya watoto tuliyoizoea inasema hesabu pumzi, mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano akifikisha 40 kwa dakika chukua hatua, na mtoto anayetoa mkoromo akivuta pumzi hali ametulia apelekwe rufaa haraka. Chati nzuri, imeokoa wengi. Inaishia miaka mitano. Msamaha wa gharama za matibabu nao, kwa sera yetu, unaishia miaka mitano. Uvimbe wa mjukuu wangu ulikuja akiwa na miaka 12. Amekuwa mkubwa mno kwa chati na kwa msamaha, mdogo mno kwa wodi ya wanaume, anakaa kwenye benchi la katikati ambalo halina mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mnaendelea kuitekeleza. Naomba mtoto wa miaka 5 hadi 17 mwenye barua ya rufaa ya njia ya hewa asisimamishwe dirishani kuulizwa nani analipa kamera. Nilikuwa na kiinua mgongo changu. Mama wa Mkinga anayeuza bada hana.

Wadogo wenyewe wana yao, nitayataja kwa ufupi ila msiyapite kwa ufupi. Kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaoota ndani ya njia ya hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Mtoto anazaliwa salama, wiki chache baadaye anaanza kukoroma akivuta pumzi, na kikohozi chake ni cha kubweka. Mara nyingi huwa na alama nyekundu kama hizo kidevuni au shavuni, na mwenye alama za sehemu hiyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Bomba la hewa la mtoto mchanga pale penye wembamba lina upana wa kama milimita 4. Uvimbe wa milimita 1 kuzunguka pande zote unamwachia robo ya nafasi. Jaribu kunywa dafu kwa mrija uliokanyagwa ndipo utaelewa. Na dawa yake mnayo kwenye kabati la presha. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na Christine Léauté-Labrèze, walitangaza kwamba propranololi, kidonge cha bei ndogo cha moyo na presha, inaunyausha uvimbe huo. Waliigundua kwa bahati, wakimtibu mtoto moyo. Haitolewi kienyeji, inataka daktari anayefuatilia mapigo na sukari ya mtoto. Lakini kati ya kupasuliwa koo na kidonge, mama achague nini?

Na kuna vinyama vya kwenye zoloto, pale sauti inapotengenezwa. Mtoto wa miaka mitatu, minne, sauti inakauka kama ya mtu aliyelala kwenye umande, wenzake madrasa wanamcheka, anapewa dawa za mafua mwaka mzima mpaka siku anakosa pumzi. Vinyama hivi si saratani kwa kawaida, ila vikikwanguliwa vinaota tena, mtoto anapasuliwa leo na miezi ijayo tena. Vinaletwa na virusi vya HPV, aina ya 6 na ya 11, ambavyo mtoto huvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Sisi tulianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 tukapanua hadi wa miaka 9 kwa dozi moja. Nilijitolea kwenye uchanjaji wa mwanzo, naujua utamu wake na uvumi wake. Mkikaa kwenye meza ya manunuzi kumbukeni kwamba chanjo hizi haziko sawa: zipo zinazokinga aina ya 16 na 18 pekee, za saratani ya shingo ya kizazi, na zipo zinazoongeza 6 na 11. Australia ilianza mwaka 2007 na chanjo iliyoongeza hizo mbili. Kufika 2012 watoto wapya wenye vinyama hivyo waliorekodiwa nchi nzima walikuwa 7. Mwaka 2016 alikuwa 1. Shilingi mtakayoiokoa kwenye bei ya chupa mpigie hesabu mtoto anayepasuliwa koo mara kumi.

Jambo la mwisho ni daftari. Hao madaktari wa Ulaya niliowataja waliunganisha nguvu mwaka 2008, Italia, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani na Poland, kwa kundi walilolipa jina EXPeRT, kwa sababu hakuna nchi hata moja kati yao yenye wagonjwa wa kutosha kujifunza peke yake. Ikiwa Ujerumani imekubali kwamba haitoshi peke yake, zahanati ya Mabokweni itajifunzaje kwa mgonjwa mmoja katika miaka thelathini? Anzeni rejista ya vivimbe vya njia ya hewa vya watoto, hata kama ni mistari minne kwa mwaka kwa nchi nzima. Na mtoto anayepigwa picha ya kifua, picha zake za zamani ziulizwe kabla ya kupigwa mpya. Muulizeni mama: nyingine ziko wapi? Swali hilo halina gharama. Lingeulizwa kwa mjukuu wangu kituo cha pili, na ziko chini ya godoro, ningezileta kwa baiskeli.

Yeye sasa anasimama golini. Zamani alikuwa winga, lakini anasema kipa hahitaji pafu lote, na mimi namwacha aamini hivyo. Jumamosi Coastal wakicheza Mkwakwani anarudi sauti imekauka kwa kushangilia, nami usiku bado naamka, nanyata mpaka mlangoni kwake, nasikiliza.

Picha zote nne ninazo, nimeziandika tarehe kwa kalamu ya wino mweupe kwenye pembe. Mkiamua kukaa kikao juu ya jambo hili niiteni, nitakuja nazo pamoja na vibanio vyangu. Sihitaji projekta wala posho ya kikao. Nitafutieni tu chumba chenye dirisha la mashariki, na kikao kianze saa tatu asubuhi.

Wenu,
Bibi wa kipa, muuguzi mstaafu
Ngamiani, Tanga